Kumbe si mama mkwe, ni eksozi!

Mwezi uliopita tuliongelea mawifi, na barua zenu nimezisoma, nimewasikia. Mwezi huu naungama la kwangu mwenyewe. Kwa karibu mwaka mzima niliamini mke wangu ana visa na mama yangu mzazi. Kumbe mwenye visa alikuwa chini ya gari.

Sisi tunaishi Karatu mjini. Mama yuko Mang'ola, kule kwenye vitunguu, karibu na Ziwa Eyasi. Kila baada ya wiki mbili tulikuwa tunakwenda kumsalimia na Suzuki Escudo yetu ya mwaka 1997, mkweche niliokuwa nao hata kabla sijaoa. Anayeijua njia ile anajua vumbi lake, laini kama unga, linaingia mpaka kwenye soksi. Kwa hiyo vioo tunafunga. Mimi dereva naacha upenyo wa vidole viwili upande wangu, mke wangu anakaa nyuma na mtoto wetu wa miezi 14.

Tukifika tu, anashika kichwa. Kichefuchefu, chakula hataki, anaomba mkeka alale. Mama anamwangalia yeye, ananiangalia mimi, halafu anaingia jikoni bila kusema neno. Kesho yake asubuhi tukiwa nyumbani, mwanamke mzima kabisa, anacheka kwenye simu na dada zake. Jamani, nifikirie nini? Siku moja nikamwambia, "Kama hutaki kwenda kwa mama yangu sema, usijifanye mgonjwa." Akaninunia siku tatu. Mnaujua ule ukimya wa ndani ya nyumba, kijiko kikianguka jirani anasikia.

Na mtoto? Mtoto alikuwa analala njia nzima. Tulijisifu hadi kwa marafiki: huyu wetu hana usumbufu, ukimpakia kwenye gari tu, usingizi. Siku hizi nikiikumbuka sentensi hiyo mwili unanisisimka.

Mwezi wa saba shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anayefanya kazi kwenye hoteli moja huko juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, akatualika wikiendi. Julai kule ni baridi kweli kweli, maana ukingo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Tulipofika geti la Lodoare tukakuta foleni ya magari ya watalii. Nikaacha injini inaunguruma ili hita ifanye kazi. Vioo vyote juu, safari hii hata changu. Tukapanda ule msitu taratibu ndani ya ukungu, taa zimewashwa saa nne asubuhi, na gari linahema kama mzee anayepanda ngazi.

Karibu na pale watu wanaposimama kuiangalia kreta, kichwa changu kikaanza kugonga. Nikajua ni usingizi. Ndipo nikasikia sauti nyuma, ya chini, kama ya mtu aliyelewa: "Baba'ke, mtoto haamki."

Nilifungua milango yote. Ule upepo wa baridi tuliokuwa tunaukimbia ndio uliotusaidia. Mtoto alitapika, akalegea tena, halafu baada ya dakika ambazo sitaki kuzihesabu akalia. Shemeji akatufuata na gari la kazini, akatushusha hospitali, mama na mtoto wakawekewa oksijeni. Daktari hakuniuliza tumekula nini. Aliniuliza gari letu lina miaka mingapi.

Akanieleza. Injini ya petroli inatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Kwenye damu inashikana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri tu, lakini mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi. Mtoto mdogo inampata haraka zaidi kwa sababu anapumua mara nyingi kuliko sisi. Ukitoka nje unaanza kupata nafuu, ndiyo maana mke wangu alikuwa "anapona" kila tukirudi nyumbani. Ule upenyo wangu wa vidole viwili ulikuwa unanilinda mimi peke yangu.

Na pale ukingoni hapakuwa na mama mkwe. Tulikuwa tunakwenda kwa ndugu yake wa damu.

Jumatatu fundi akalala chini ya gari. Bomba limeoza kabla ya mafla, tundu la kupitisha kidole, na mafla yenyewe ukiigonga na bisibisi inavunjika kama biskuti. Moshi ulikuwa unabaki chini ya gari na kuingia kwa nyuma, kupitia mpira wa mlango uliochakaa na tundu moja la sakafu lililopoteza kizibo. Nilibisha: gari halijawahi kuingia maji ya chumvi, kutu imetoka wapi? Akacheka. Kutu ya mafla huanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Ukiendesha mbali bomba linapata moto, mvuke unatoka. Ukiendesha nyumbani hadi kazini tu, dakika tano kwenye baridi ya Karatu, yale maji yanaganda humo na uchafu wake wenye asidi. Mafla nyingi zina kitundu kidogo chini cha kutolea maji hayo. Changu kilikuwa kimechomelewa! Fundi mmoja wa zamani alidhani anaziba tobo.

Sasa niungame la pili. Nilikuwa nimeweka laki mbili na nusu pembeni kwa ajili ya eksozi. Si ya kuziba tundu, la hasha. Nilitaka ile ya mdomo mkubwa unaong'aa, yenye muungurumo, na kuna kijana alishaniahidi kutoa masega "gari lipate nguvu za kupanda Ngorongoro". Wanaume wenzangu, sikilizeni. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Bomba kubwa halikuletei hewa ya Tanga kule juu. Kwenye injini ndogo, mara nyingi linapunguza hata ile nguvu ya mwendo wa chini unayoihitaji mlimani. Na masega, yale matundutundu kama ya nyuki, ndiyo yanayoigeuza hiyo sumu kuwa kaboni dayoksaidi kabla haijatoka. Ukiyatoa, tobo lolote linakuwa hatari zaidi. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani, kwa hiyo anayekutolea bure si lazima awe mwema.

Laki mbili na nusu zikaenda kwenye bomba jipya la chuma kisichoshika kutu, mafla ya kawaida, gasketi, mpira wa mlango wa nyuma na kizibo cha sakafu. Sauti? Kimya kama gari la padri. Kiraka nilikikataa, maana kuchomelea juu ya bati lililooza ni kuhamisha tobo sentimita tano.

Mkitaka kujua hali ya lenu, lipimeni wawili, uwanjani, asubuhi injini ikiwa ya baridi. Mmoja azibe mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene sekunde chache, mwingine asikilize ubavuni mwa gari, asiingie chini. Ukisikia "psss" mahali pengine, pametoboka. Masizi meusi kwenye maungio ni dalili ileile. Na abiria wako akisema kichwa kinauma, fungua vioo kwanza, ubishi baadaye.

Kumwomba mke wangu radhi kulinichukua muda kuliko kufunga eksozi. Nilimwomba nyumbani, halafu akataka nirudie mbele ya mama. Nikarudia. Mama akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Na mimi nilidhani chakula changu hakipendi."

Jumapili iliyopita tulikuwa Mang'ola. Mtoto alipiga kelele njia nzima, akarusha kiatu, akavuta nywele za mama yake. Mke wangu alikula, akaongeza. Kichwa hakikuuma. Alilalamikia mgongo tu, lakini hiyo sasa ni barabara.