Tarehe 9 Desemba: tusiache ipite kama siku ingine



Kila mwaka, tarehe 4 Desemba, tunafanya Sainte-Barbe, mulinzi wa wachimbaji. Misa inaimbwa, watu wanakunywa, wakubwa wanatoa diskuru. Siku tano nyuma inafika tarehe 9, na hakuna mutu anasema kitu. Sisi wa sendika tunasema: ile siku ndiyo iko yetu.

Tukumbuke 9 Desemba 1941. Vita ilikuwa inawaka, shaba yetu ilikuwa inatafutwa sana, bei kwa soko ilipanda, lakini mushahara ulibaki palepale. Wafanyakazi wa Union Minière wakaacha kazi, kule Jadotville, ndiyo Likasi, na hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi. Kwa uwanja wa mupira, gavana Maron akiwa pale, askari wakapiga masasi watu wenye hawakuwa na silaha. Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anasemea wenzake, aliuawa. Hesabu ya wakufu haijapatana mpaka leo: wakoloni waliandika yao, wazee wetu wanasema walikuwa mingi zaidi. Juu mutu mwenye jina lake haliandikwe, ni vyepesi kusema hakukuwako.

Miaka 30 mbele ya ile, 9 Desemba 1911, mugodi wa makaa ya Cross Mountain, jimbo la Tennessee kule Marekani, ulilipuka. Watu 84 walikufa. Wamoja walibaki wamefungiwa ndani, wakaandikia bibi na watoto barua ya kuagana. Lakini watano walitoka wazima. Njo maana tunaelezea hii habari: mwaka moja mbele, serikali yao ilikuwa imeunda ofisi ya migodi, na ile ofisi ilituma watu wenye wanajua kuokoa. Bila wao, pengine hata wale watano wangalibaki chini.

Tarehe hii iko na furaha pia. 9 Desemba 1895, kule Gallarta, Espania, alizaliwa Dolores Ibárruri, mutoto wa muchimbaji, kisha bibi ya muchimbaji. Alizaa watoto sita, wawili tu ndio walikomaa. Alianza kuandika katika gazeti la wachimbaji, akajiita Pasionaria, na kwa lile jina dunia nzima ikamujua. Mama zetu wasikie: kazi ya sendika si ya wanaume peke yao. Tarehe 9 Desemba 1961, majirani zetu wa Tanganyika, ng'ambo ya ziwa, walipata uhuru. Na 9 Desemba 1990, Lech Wałęsa, fundi wa umeme mwenye alisimamisha sendika Solidarność, alichaguliwa rais wa Poland.

Sasa tuangalie kwetu. Kila asubuhi wenzetu wa sous-traitance wanaingia kazini bila kontra ya kweli, na wengine majina yao hayako kwa liste yoyote. Mugodi ukianguka, nani atajua wako wangapi chini? Nani atakuja kuwatafuta, na kwa vyombo gani?

Tunaomba mambo matatu. Familia yenye iko na muzee mwenye anakumbuka 1941, ao mwenye baba yake alimuelezea, iandike majina na kuleta kwa delege wake. Wale wazee wanaisha. Madelege waombe kwa kila kampuni liste ya watu wote wa kila ekipe, wa sous-traitance wakiwa ndani, na ekipe ya kuokoa yenye iko tayari usiku na muchana. Na tarehe 9, mbele ya kuanza kazi, tuvue kasike, tunyamaze dakika moja.

Dakika moja haikatwi kwa mushahara. Na kama wataikata, tutajua tuko bado kwa mwaka gani.