Msiwasingizie Wafipa Uchawi

Semina ilikuwa ya siku moja, mjini Sumbawanga, na ilikuwa inakwenda vizuri hadi mgeni kutoka Dar es Salaam alipofika kwenye kipengele cha "changamoto". Akasema watu wa Rukwa hawapati tiba ya afya ya akili kwa sababu ya imani zao. Wanakimbilia kwa waganga. Siku wakibadilika kifikra, akasema, wataanza kwenda kwa wataalamu. Ukumbi ukatikisa vichwa kukubali, maana posho ilikuwa haijatoka. Ndipo mama mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwanangu, huyo mtaalamu anakaa wapi?"

Aliambiwa swali lake ni zuri. Kisha kikaja kipengele kingine.

Kauli ya mgeni yule si yake peke yake. Inasemwa maofisini, redioni, na hata na Wafipa wenyewe, wenyeji wa Rukwa, waliosoma wakahama: kwamba mtaalamu yupo, mlango uko wazi, ila mkulima wa Ufipa amegoma kuingia kwa sababu kichwa chake kimejaa radi za kutumwa na wachawi. Ukiitazama vizuri, hiyo nayo ni imani ya kishirikina. Inamwamini mtaalamu ambaye hakuna jirani aliyewahi kumwona, anayeponya watu wasiojulikana, katika jengo lisilo na anwani. Mganga wa kijiji cha Muze angalau ana nyumba, na watoto wote wa mtaa wanaijua.

Uchawi Ufipa ni kisingizio rahisi, hasa kwa asiyejua jina la mji lilikotoka. Sumbawanga, kwa Kifipa, ni agizo: tupa uchawi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kundi la Kamchape lilipozunguka vijiji vya nyanda hizi likitafuta pembe na vibuyu vya wachawi, wanakijiji walivileta wenyewe vikalundikwa hadharani. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliliandika tukio hilo. Watu walikuwa wamechoka kuogopana, wakamfuata aliyefika kijijini na kuahidi nafuu. Aliyefika. Neno hilo ndilo linalorukwa kwenye semina.

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi Laela, kwenye barabara ya Tunduma. Amefiwa na mwenzi wake, hapati usingizi, darasani anasahau majina ya watoto anaowafundisha tangu Januari. Mwalimu huyu hana shida na sayansi, anaifundisha. Ni mwanachama wa NHIF, mfuko wa bima ya afya uliotokana na sheria ya 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wake inakatwa kabla hajaiona, na mwajiri anaweka asilimia 3 nyingine. Kadi anayo. Amesikia redioni kwamba hali yake inatibika kwa mazungumzo na mwanasaikolojia tiba. Sasa aende wapi?

Ataanza kituo cha afya. Kama bahati iko upande wake, atapata rufaa ya kwenda mjini. Katika ngazi ya mkoa, karibu nchi nzima, kitengo cha afya ya akili kinabebwa na wauguzi waliosomea fani hiyo, watu wanaostahili heshima kubwa, ambao kwa siku moja wanahudumia wenye kifafa, wenye sonona, walevi walioletwa na ndugu zao na wenye kuona visivyoonekana. Hapo mwalimu atapata dawa, pengine amitriptilini, na tarehe ya kurudi. Saa nzima ya kuzungumza, wiki hadi wiki, miezi mitatu, muuguzi mwenye foleni hadi nje ataitoa wapi?

Mtetezi wa kadi atasema huduma hiyo iwekwe kwenye kitita cha mafao, mambo yamekwisha. Iwekwe kwa wino wa dhahabu ukipenda! Kitita ni orodha ya vinavyolipiwa, hakiajiri mtu. Kinachoajiri ni ikama, na katika ikama za hospitali zetu mwanasaikolojia tiba hutajwa mwisho, baada ya dereva kupata gari. Muhimbili wanafundisha shahada ya uzamili ya fani hii, na wanaoimaliza ni wachache. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini nao wamekuwa wakihesabika kwa makumi, katika taifa ambalo sensa ya 2022 ilikuta watu 61,741,120. Rukwa peke yake ina watu 1,540,519. Huyo mtaalamu anakaa wapi?

Kwa mkulima wa Bonde la Rukwa mambo ni mabaya zaidi. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilimwahidi matibabu ya kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, bei ambayo hata mwenye magunia machache ya mahindi angeimudu. Lakini huduma zake ziliishia hospitali ya mkoa. Mwenye kadi hiyo kutoka Mtowisa alipanda ule ukingo wa Lyamba lya Mfipa, akafika mjini, na hapo ndipo kadi ilipoishiwa pumzi. Mbeya, iliko hospitali ya rufaa ya kanda, ni zaidi ya kilomita 300 mbele. Lami ya kutoka Sumbawanga hadi Tunduma, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani, ni nzuri sana, hilo halina ubishi. Inamwezesha mgonjwa kuondoka Rukwa haraka kuliko zamani. Na huyu mkulima, kabla ya kuambiwa akili yake ina matatizo ya kimila, angeulizwa kwanza kuhusu mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje na bei ikaporomoka mikononi mwake. Kuna kukosa usingizi ambako hakuhitaji jini.

Wapo wanaojibu kwamba siku hizi kuna simu, mtu anaweza kuzungumza na mwanasaikolojia wa Dar es Salaam kwa video. Naam. Baba wa Mtowisa apande kichuguu kutafuta mtandao, aweke bando, alie mbele ya mbuzi na wapita njia, na katikati ya kilio picha igande. Halafu amlipe mtaalamu kwa simu, maana kadi haikupanda naye kichuguu.

Wengine wanadai Wafipa hawapendi kueleza mambo ya ndani. Waliosema hivyo hawajawahi kukaa kwenye kilabu cha pombe ya kimpumu saa kumi na moja jioni.

Ushahidi kwamba huduma ikifika imani hulegea upo hapa hapa nchini. Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliwakuta Wapogoro wenye kifafa wakitengwa, wakiungua motoni, wengine wakilishwa peke yao kama wenye laana. Wengi waliamini ugonjwa unaambukiza au umetoka kwa mizimu. Alifungua kliniki na kuleta vidonge. Watu wakatembea kwa miguu kutoka mbali kuvifuata. Vivyo hivyo kwa ukimwi: kulikuwa na miaka ya kusema fulani amerogwa, na ARV za bure zilipoanza kutolewa mwaka 2004, foleni za kliniki zilijaa watu walewale. Hakuna aliyesubiri wabadilike kifikra kwanza.

Wakati huo huo mila zinalaumiwa kwa unyanyapaa na sheria inapita kimyakimya. Kanuni ya Adhabu inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakwenda kinyume na Katiba yao. Huku kwetu, Mfipa anayeogopa kusema amechoka kuishi anaambiwa ni mshirikina, wakati ana sababu nzuri tu ya kumwogopa polisi.

Turudi kwenye kadi. Hata Marekani, yenye wanasaikolojia wa kumwaga, mwenye bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini huzunguka akipiga simu, kwa kuwa wataalamu wengi huikataa wakisema inalipa kidogo. Tanzania ilionja jambo hilo Machi 2024, hospitali binafsi zilipogomea bei mpya za NHIF na wenye kadi wakageuzwa mapokezini. Ila Mmarekani aliyekataliwa ana jina la aliyemkataa. Mwalimu wa Laela hana hata wa kumkatalia.

Harare, Zimbabwe, hawakungoja wataalamu waongezeke. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani namna ya kumsikiliza mtu kwa utaratibu, wakakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wagonjwa wao walipata nafuu zaidi kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Rukwa haina uhaba wa bibi wala wa mbao. Chanji, Katandala, Matai, Namanyere: kila mahali kuna mwanamke ambaye wenzake humwendea usiku. Mafunzo, posho ya kueleweka, na mwanasaikolojia mmoja wa kuajiriwa awasimamie. Gharama yake inaweza kulinganishwa na ya semina.

Ile semina ilifungwa saa tisa. Kila mshiriki alipewa kipeperushi chenye maandishi makubwa: muone mtaalamu aliye karibu nawe. Yule mama alikigeuza kutafuta namba ya simu. Nyuma kulikuwa na nembo za wafadhili.