Ramani ya kuazima haisitiri

Nimekuwa kimya wiki tatu. Msinilaumu, mvua zilinikamata kazini kama zilivyowakamata wengi wenu barabarani. Leo nina donge kooni. Nisipolitema hapa nitalitema kwenye kikao cha asubuhi, halafu nianze kutafuta pa kula.

Habari yenyewe ni hii. Mimi na mwenzangu mmoja tulizunguka bonde la Msimbazi kwa siku tisa, nyumba kwa nyumba, tukiuliza maji yalifika wapi. Watu walitutolea viti, wakatuonyesha alama ya tope ukutani, tukapima kwa futi kamba. Kisha tukachora ramani. Mitaa, mitaro na nyumba tulizipata OpenStreetMap, juu yake tukaweka vipimo vyetu. Tukaiweka kwenye seva ya gazeti, poti 8080. Ofisini ikafunguka safi kabisa. Mhariri akaisifia. Usiku habari ikapanda hewani.

Asubuhi na mapema simu ikaita. Ni mama mmoja wa bondeni, yule aliyetuonyesha ukuta wake wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ramani yenu mbona mimi naona maboksi ya kijivu tu? Bando langu limeisha nikisubiri."

Nikafungua kwa simu yangu. Maboksi ya kijivu. Kila msomaji aliyeingia usiku ule aliona maboksi ya kijivu. Kosa lilikuwa letu wenyewe, tena la kitoto. Tovuti ya gazeti ina kile kikufuli cha https, lakini seva ya ramani haikuwa nacho. Kivinjari kikiwa ndani ya ukurasa wenye kufuli hakitaki kuletewa vitu kutoka mlango usio na kufuli, kwa hiyo kinavikataa. Sisi ofisini tulikuwa tunaijaribu kwenye ukurasa wa majaribio usio na kufuli, ndiyo maana hatukuona kitu.

Sasa sikilizeni suluhisho lililotolewa kikaoni. Mzee wetu wa IT akasema, "Kijana, acha kujitesa. Bandika ramani ya bure ya wale wakubwa, kila mtu anafanya hivyo." Dakika tano, ikabandikwa. Makofi. Kikao kikahamia kwenye habari za soka.

Hapo ndipo donge langu lilipoanzia. Nasema hivi, na nitalirudia popote: gazeti linalobandika ramani ya mtu mwingine kwenye habari yake halina ramani. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya kwetu haikusitiri hata magoti.

Dawa ya tatizo letu ilikuwepo, ni ya bure, na ingechukua mchana mmoja. Inaitwa riversi proksi. Jina linatisha, kazi yenyewe haitishi. Fikiria duka la Kariakoo ambalo stoo yake iko ghorofa ya tatu, nyuma. Mteja haendi stoo. Anasimama kaunta, anasema anachotaka, kijana wa duka anapanda, anashuka na mzigo, anamkabidhi. Mteja anajua kaunta moja tu. Stoo iko wapi, ina kufuli gani, nani anaipanga, hayamhusu. Riversi proksi ndiyo kaunta hiyo. Seva ya mbele, mathalani nginx, programu huria aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, inapokea kila ombi kupitia mlango mmoja wenye kufuli. Ombi la habari inalipeleka kwenye mtambo wa habari, ombi la ramani inalipeleka kwenye seva ya ramani iliyojificha nyuma. Kwa msomaji vyote vinatoka gazetini.

Mnaopenda kuona, tazameni, ni mistari hii tu:

location /ramani/ {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080/;
    access_log off;
}

Angalieni ule mkwaju wa mwisho baada ya 8080. Ukiwepo, neno /ramani/ linaondolewa kabla ombi halijafika nyuma. Ukiusahau, seva ya nyuma inaulizwa kitu isichokijua, na unarudi kwenye maboksi ya kijivu. Seva ya ramani nayo iambiwe anwani yake ya hadharani, la sivyo itaendelea kuwaelekeza wasomaji kwenye 127.0.0.1, yaani kwenye simu zao wenyewe. Basi. Hayo ndiyo mateso niliyokuwa naonewa huruma.

Lakini sikuja kuwafundisha nginx. Nimekuja kugomba.

Kwanza, hii biashara ya "bure". Ramani ya mtandaoni haiji kama picha moja. Kwa kawaida inaletwa vigae vigae, vipande vya mraba vya pikseli 256 kwa 256. Ukiangalia dunia yote kwa mbali kabisa, kigae ni kimoja. Kila hatua ya kusogea karibu inazidisha kwa nne. Ukifika hatua ya 18, dunia ina vigae 68,719,476,736. Skrini moja inaweza kuita vigae 20 kabla hujagusa kitu. Wasomaji 5,000 wakifungua habari asubuhi, hayo ni maombi 100,000. Kuna mtu anayabeba. Mwaka 2018 Google walipobadilisha bei, ramani ya kusogeza ilifika dola 7 kwa kila mara 1,000, toka senti 50, na akaunti ya malipo ikawa lazima. Tovuti ambazo hazikujiandaa zilikuta ramani zimetiwa giza na maandishi ya onyo juu yake. Siwalaumu. Duka ni lao, bei ni yao. Ninachouliza ni hiki: gazeti lenye habari ya mafuriko linawezaje kuacha swichi ya taa yake kwenye nyumba ya jirani?

Na wale wanaodhani wakikimbilia seva za OpenStreetMap wamepona, wasome vizuri. Data ya OpenStreetMap ni huru, lakini seva zake zinaendeshwa kwa michango na zina masharti. Hazina dhamana, huruhusiwi kuzoa vigae kwa wingi, na ukiwaelemea watakufungia. Ungwana ni kuchukua data (Geofabrik wa Ujerumani wanatoa fungu la Tanzania, jipya kila siku), uchore vigae vyako mwenyewe, na uandike chini ya ramani kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap. Kisha ile kaunta yako iwe na kabati: kigae kilichoombwa mara moja kinawekwa hapo, anayefuata anapewa cha kabatini bila stoo kusumbuliwa. Kwenye nginx hiyo ni proxy_cache. Barabara ya Morogoro haihami kila saa. Kwa nini seva ichore kigae kilekile mara 5,000?

Pili, hii inaniuma kama mtoto wa mjini huu. Mitaa yetu imechorwa na watu wetu. Kibera ilichorwa mwaka 2009, Tandale yetu ikafuata mwaka 2011. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakaingia kwenye kata zinazofurika pamoja na wakazi, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba. Kazi ile iko wazi, mtu yeyote anaichukua. Halafu sisi wenye magazeti, tunaojiita sauti ya wasio na sauti, tunabandika ramani ya dirishani kwa watu, na vipimo vya siku tisa vinabaki kwenye kompyuta ya mwenzangu kwa sababu kwenye ile ya kubandika "havikukaa vizuri". Alama ya tope ya yule mama haipo. Ipo hoteli moja, na ina nyota.

Tatu, na hili ndilo hasa lililoninyima usingizi. Siku mbili baada ya habari kupanda, alinipigia kijana mmoja. Simtaji, wala sitaji mtaa wake, kwa sababu ana kesi ya kiwanja na anaogopa. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nikifungua ile ramani yenu nikasogeza mpaka kiwanjani kwetu, nani anajua nimeangalia pale?"

Nilitaka kumwambia hakuna. Sikuweza, maana ningekuwa namdanganya. Ukurasa ni wetu, lakini vigae vinatoka kwa watu wengine, kwa hiyo simu yake inawapigia hodi watu hao moja kwa moja. Wanaona anwani yake ya IP, wanaona katoka tovuti gani, na wanaona namba ya kila kigae anachoomba. Namba ya kigae si mapambo, ni mahali. Kigae cha hatua ya 18, hapa kwetu karibu na ikweta, kina upana wa mita kama 150. Maana yake unapochungulia kiwanja, kuna daftari ambalo si la gazeti, haliko nchini, na linaweza kuandika kwamba anwani fulani, saa fulani, ilichungulia eneo la mita 150 fulani. Sisemi kuna mtu anakaa analisoma. Nasema hatukumwambia msomaji kwamba lipo, na hatukuwa na sababu ya kumpeleka huko.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Magazeti yetu yaliiandika sana. Tumeshawahi kujiuliza kurasa zetu wenyewe zinamtuma msomaji wapi? Tunaapa hatutamtaja mtoa habari hata tukifungwa, kisha tunambandikia ramani inayotangaza anachotazama.

Kaunta ikiwepo, simu ya yule kijana inazungumza na gazeti peke yake. Wa nje hawamwoni.

Ila nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Proksi haifuti daftari, inalihamishia kwako. Kama kawaida, nginx inaandika kila ombi: anwani, saa, kigae. Ukiacha hivyo umemtoa mchunguzi nyumba ya jirani na kumkaribisha sebuleni kwako, na siku akija mtu na karatasi yenye muhuri utakuwa na cha kumpa. Ndiyo maana kwenye mistari yangu hapo juu kuna access_log off. Usichokiandika hakikamatwi. Tena, proksi ipeleke maombi kwenye seva ya ramani tu, si popote mgeni atakapotaja. Ukiiacha wazi hivyo, wahuni wataitumia kugonga milango ya watu kwa jina lako. Na seva ya ramani yenyewe isikae uchi mtandaoni. GeoServer, inayotumiwa na ofisi nyingi duniani, mwaka 2024 iligundulika na tundu ambalo mtu wa nje angeweza kupitia na kuendesha amri zake bila hata neno la siri. Kaunta mbele haiponyi ugonjwa huo peke yake, masahihisho lazima uyaweke. Lakini walau unachagua ni dirisha gani linafunguliwa, badala ya kuiacha stoo nzima iangalie barabarani.

Najua nitajibiwa nini. "Sisi ni gazeti, si kampuni ya kompyuta." Sawa. Mtambo wa kuchapa je? Hakuna aliyesema tukaazime mtambo wa mshindani kwa kuwa sisi ni waandishi. "Hatuna watu." Hili lina ukweli. Seva inataka mtu wa kuiangalia, na chumba chetu cha habari kina mtu mmoja na nusu. Lakini kama tuna mtu wa kubandika, tuna mtu wa kuandika mistari mitatu. Na la mwisho, ambalo mzee wangu aliniambia akicheka: "Wewe ni mwandishi, andika." Naandika, mzee wangu. Ila kama ramani ni sehemu ya habari, basi mahali inapotoka na anayemtazama msomaji wakati anaisoma ni sehemu ya kazi yangu. Nisingekubali mtu wa nje akae katikati yangu na mtoa habari wangu kwenye mazungumzo ya ana kwa ana akiandika pembeni. Kwa nini nikubali kwenye ukurasa wenye jina langu?

Nimeomba mchana mmoja na ruhusa ya kugusa seva. Nimejibiwa nisubiri. Wakati nasubiri nimempigia yule mama, nikamweleza kwamba kosa lilikuwa letu na si la simu yake. Akauliza ukuta wake utarudi lini kwenye ramani. Nikamwambia sijui. Yule kijana wa kiwanja nilimshauri asiifungue.

Fikirini hilo: mwandishi anamshauri msomaji asisome habari aliyoiandika mwenyewe.

Haya, uwanja wenu. Nipingeni, nirekebisheni, nginx yangu si ya kuapia. Ila ile hoja ya "kila mtu anafanya hivyo" msije nayo, hiyo nilishaisikia kikaoni.