Maegesho ni kazi ya wenye nyumba, mlinzi aachwe

MAONI YETU

Gari likizibwa njia usiku mtaani, wa kwanza kufokewa ni mlinzi wa geti. Hali hii imezoeleka Nairobi na viungani mwake, katika mitaa ya zamani na mipya, ya maghorofa na ya nyumba za safu, na sisi tunasema imetosha. Swali la nani aegeshe wapi ni la wenye nyumba. Wakae mkutanoni walijibu, waliandike, kisha walisimamie kwa majina yao. Kumtwika mlinzi ni uonevu, na wala hakumalizi ugomvi.

Tazama mambo yanavyokwenda Jumamosi jioni. Nyumba moja ina chama, magari sita yanafika kwa mpigo. Mlinzi anawaeleza wageni kwamba ndani kumejaa. Mgeni anapiga simu, mwenyeji anatoka na kandambili miguuni: "Hawa ni wageni wangu, fungua geti!" Mlinzi anafungua. Saa tatu usiku jirani anarudi kutoka kazini, anakuta Probox asiyoijua imekaa mbele ya mlango wake, na mlinzi yule yule anafokewa mara ya pili. Nambari ya gari inapigwa picha na kurushwa kwenye grupu ya WhatsApp. Kufikia saa tano watu wazima wanatukanana kwa maandishi mbele ya mtaa mzima, na mwenyekiti, ambaye kesho yake anapaswa kuamkia kanisani au dukani kwake kama mtu mwingine yeyote, anapigiwa simu na pande zote mbili.

Mlinzi huyo analipwa kutokana na ada ya huduma ambayo wote wawili waliomfokea huichanga. Akimzuia mmoja, kampuni yake inaambiwa imhamishe. Akimruhusu, analaumiwa na mwenziwe. Hana karatasi ya kuonyesha wala kanuni ya kutaja. Kilichobaki ni kumtazama mtu usoni na kukisia uzito wake. Ndiyo maana mwenye gari kubwa hupita na mwenye Vitz akaambiwa aegeshe nje barabarani. Hilo linatuudhi kuliko msongamano wenyewe.

Tatizo halikuanza jana. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, tangu mapema miaka ya 1970 hadi miaka ya 1980, nyumba zikipangwa kuzunguka viwanja vidogo vya pamoja ambavyo wenyeji huviita korti. Enzi hizo nyumba nyingi zilikuwa na gari moja au hazikuwa na gari kabisa. Leo ploti nyingi zimeongezewa vyumba mbele na kando, mahali pa familia moja panakaa tatu au nne, na magari yaliyotumika kutoka Japani yamewafikia watu ambao wazazi wao walipanda basi maisha yao yote. Tunafurahi kwamba watu wamepata magari. Korti, hata hivyo, ni ile ile, na hakuna mwenyekiti atakayeipanua kwa kuandika ujumbe wenye herufi kubwa.

Tuweke vipimo mezani. Nafasi ya gari moja dogo ni takriban mita 2.5 kwa mita 5, yaani mita mraba 12.5. Katika nyumba nyingi za mjini, hicho ni kipimo kinachozidi chumba cha kulala cha mtoto, na bado hujahesabu njia ya kuingilia na kugeuzia. Anayeleta gari la pili na la tatu bila kulipa chochote anatumia ardhi ya wenzake bure. Marehemu Donald Shoup, aliyefundisha mipango ya miji katika chuo kikuu cha UCLA nchini Marekani, aliandika kitabu kizima mwaka 2005 kuonyesha kwamba maegesho ya bure hulipiwa na mtu, hata kama mtu huyo hana gari. Bibi mjane wa nyumba ya pembeni anayetembea kwa miguu huchangia ukarabati wa lami sawasawa na jirani mwenye magari matatu. Huyo ndiye anayelipa.

Tunajua tunazungumza na watu wa kujitolea. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa mtaa hawana mshahara, na wengi walichaguliwa kwa sababu hawakuhudhuria mkutano. Wanastahili heshima. Heshima hiyo haiwapi ruhusa ya kutunga kanuni usiku kucha kwenye simu, na haiwalazimu kuwa polisi wa majirani zao. Kazi yao iwe ndogo na ieleweke: kuhesabu nafasi, kupeleka pendekezo mkutanoni, kuweka kumbukumbu, na kutekeleza kilichopitishwa. Kamati inayobeba zaidi ya hapo huchoka ndani ya mwaka mmoja, kisha hakuna anayetaka kuchukua nafasi.

Kazi ianze kwa futi ya kupimia na chaki, Jumapili asubuhi magari mengi yakiwa yametoka. Kitu cha kwanza kuchorwa kiwe njia ya gari la zimamoto na ambulensi. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, na wazimamoto wanahitaji nafasi ya kufungua milango na kuvuta mipira. Mstari huo usijadiliwe na mtu yeyote, awe na mgeni au asiwe naye. Lori la maji na la kunyonya maji taka nayo yatapita hapo hapo. Kisha ichorwe nafasi ya mkazi mwenye ulemavu, karibu na mlango wake. Kinachobaki ndicho cha kugawana. Mara nyingi mtaa ukipimwa hivi watu hushangaa, wengine kwa sababu nafasi ni chache kuliko walivyodhani, wengine kwa sababu mbili tatu zimekaliwa na gari bovu lililoota majani tangu zamani.

Kabla ya kugawa, kamati isome hati. Sheria ya umiliki wa nyumba za pamoja iliyoanza kutumika nchini Kenya Desemba 2020 inatenganisha kilicho cha nyumba na kilicho cha wote, na inawaunganisha wenye nyumba katika shirika moja lenye bodi wanayoichagua. Kama nafasi imeandikwa kwenye hati ya mtu, kamati haina mamlaka ya kumpokonya. Kama ni ya wote, mwenyekiti hana mamlaka ya kumpa rafiki yake kimyakimya. Tumesikia malalamiko mengi ya aina hii ya pili, na karibu kila mara nafasi iliyotolewa hivyo huwa ndiyo nzuri kuliko zote, ile iliyo chini ya mti.

Mwanasayansi wa siasa Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotunza mali ya pamoja bila kuigawa vipande na bila kusubiri serikali. Mojawapo ya mifano yake ni kijiji cha Törbel, milimani Uswisi. Wanakijiji hao waliandika mwaka 1517 kwamba hakuna mtu atakayepeleka kwenye malisho ya wote ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi. Kanuni hiyo ilidumu kwa karne nyingi. Ilidumu kwa sababu kipimo chake kila mtu alikiona kwa macho, ilimshika tajiri na maskini, na waliotungiwa ndio waliojitungia.

Mtaa unaweza kutunga ya kwake kwa namna hiyo. Kila nyumba ipate nafasi moja yenye nambari. Gari la pili lilipiwe kila mwezi, kwa kiasi ambacho mkutano umekubaliana, na fedha zitumike hapo hapo mtaani kwa taa, kwa lami, kwa mtaro, zikisomwa hadharani kwenye taarifa ya mweka hazina. Gari la tatu litafutiwe mahali pengine. Wageni watengewe nafasi chache karibu na geti, na mwenye shughuli kubwa, iwe ruracio (sherehe ya mahari), arusi au matanga, atoe taarifa mapema ili wageni wake waelekezwe pa kuegesha nje. Kwa msiba kila mtu alegeze, hilo halihitaji kuandikwa. Idadi kamili kila mtaa utaijua wenyewe, kwani korti yenye nyumba 20 haifanani na jengo la ghorofa 15.

Wapangaji wasisahaulike. Katika mitaa mingi wao ndio wengi, na wenye nyumba wako Runda, Kisumu au Dallas. Mpangaji hupewa kanuni ambayo hakuisikia ikijadiliwa, kisha watu wanamshangaa anapoivunja. Mwenye nyumba aandike kwenye mkataba wa upangaji nambari ya nafasi na idadi ya magari yanayoruhusiwa, na mkutano uwape wapangaji nafasi ya kusema hata kama hawapigi kura. Atakayekodisha vyumba vinne vya kujiongezea mbele ya nyumba bado ana nafasi moja, na hao wapangaji wanne waambiwe hivyo kabla ya kulipa kodi ya kwanza. Tunajua mapendekezo haya hayatawapendeza wenye nyumba wa aina hiyo.

Sasa adhabu. Ipo tamaa ya kununua minyororo ya kufungia magurudumu kama ya askari wa kaunti. Tunaipinga. Kaunti inatumia mamlaka ya sheria, ilhali kamati ya mtaa ni majirani. Uingereza na Wales zilipiga marufuku ufungaji wa magari kwenye ardhi ya watu binafsi mwaka 2012, baada ya miaka ya malalamiko ya watu waliotozwa fedha nyingi ili waachiwe magari yao, na huko Scotland mahakama ilikuwa imeshaamua mwaka 1992 kwamba kulishika gari la mtu hivyo ili akulipe ni wizi. Jirani aliyeamka saa kumi alfajiri kumpeleka mtoto hospitali akakuta mnyororo hatasahau milele, na tutamwelewa. Kutoa upepo kwenye tairi nako ni uharibifu wa mali, hata kama anayefanya hivyo ni mjumbe wa kamati.

Tunapinga pia ile desturi ya kumkatia mtu maji kwa sababu ya kosa la gari. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama. Watoto wa nyumba hiyo hawakuegesha chochote.

Adhabu ianze ndogo na ipande polepole. Kosa la kwanza liwe karatasi chini ya waipa, yenye heshima, ikitaja kanuni na tarehe iliyopitishwa. Kosa la pili liwe barua kwa mwenye nyumba. La tatu liwe faini ndogo iliyoamuliwa na mkutano, iongezwe kwenye ada ya huduma. Baada ya hapo aitwe aketi na wazee watatu wa mtaa wasiokuwa kwenye kamati, wamsikilize. Sheria ya 2020 yenyewe imeweka mlango wa migogoro kama hii kutatuliwa ndani kabla haijafika mbali. Watu wengi hawafiki hatua ya pili. Anayefika ya nne mara nyingi ana shida ambayo hakuna aliyemuuliza, kama mgonjwa nyumbani au kazi ya usiku, na hapo wazee huweza kumpatia nafasi inayomfaa kwa kubadilishana na mwingine.

Getini ibandikwe ramani ya nafasi, orodha ya nambari za magari kwa kila nyumba iwekwe kwa mlinzi mahali pasipoonwa na kila mpita njia, na namba moja tu ya simu ya mjumbe wa zamu. Mlinzi aandike, apige simu, basi. Atakayemfokea aandikiwe yeye barua. Na picha za magari zikomeshwe kwenye grupu. Malalamiko yaende kwa mjumbe wa zamu, kwani jirani aliyeaibishwa mbele ya watu mia hasogezi gari, hulifunga na kuzima simu.

Yote haya yatategemea gari la mwenyekiti liko wapi. Akiwa na magari mawili, alipie la pili mwezi wa kwanza, na risiti yake iwe ya kwanza kwenye daftari. Mtaa ukiiona risiti hiyo, robo tatu ya kazi imekwisha.

Neno letu la mwisho ni kwa wanaojenga na wanaonunua. Kilimani na Kileleshwa maghorofa yanapanda mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani, na wapo wauzaji wanaoahidi maegesho ya kutosha kwa maneno matupu. Serikali ya kaunti ihesabu nafasi kwenye michoro kabla ya kuidhinisha jengo, na irudi kuzihesabu tena jengo likikamilika. Mnunuzi naye, kabla ya kutoa ile amana ya asilimia 10, aombe kuonyeshwa nafasi yake ilipo, aikanyage kwa miguu yake, na ahakikishe nambari yake imeandikwa kwenye mkataba wa mauzo.