Msimlilie Mbuzi

Kila ninapomwonyesha mtu mchoro wa William Holman Hunt uitwao The Scapegoat, jibu ni lile lile: maskini! Neno hilo linaniudhi.

Najua linakotoka. Mbuzi yuko peke yake ukingoni mwa Bahari ya Chumvi, kwato zinadidimia, kichwa kimeinama, nyuma yake mifupa ya wanyama. Hunt alianza kumchora kule kule mwaka 1854, na mchoro ukaonyeshwa London mwaka 1856. Mbuzi wa kwanza alikufa kazi haijaisha, akatafutwa mwingine.

Lakini someni Mambo ya Walawi 16. Kuhani anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi na kuungama, kwa kinywa chake, maovu yote ya watu. Ndipo mnyama anapelekwa jangwani. Kuungama kwanza, mbuzi baadaye. Hunt alikusudia mbuzi awe kivuli cha Kristo, na waungamaji hakuwachora. Basi sisi watazamaji tunahuruma, tunafuta machozi, tunaondoka bila kuulizwa lolote.

Sikilizeni hata tunavyosema. "Alifanywa mbuzi wa kafara." Nani alimfanya? Sijawahi kumsikia mtu akisema, "Mimi nilimfanya."

Ofisini nilikowahi kufanya kazi, fedha za matumizi madogo zilipungua. Karibu sote tulikuwa tukichota bila stakabadhi, tukiahidi kurudisha mwisho wa mwezi. Hesabu ilipoitishwa, alifukuzwa mama aliyetupikia chai, kwa kuwa ndiye aliyefagia chumba chenye kabati. Tukamchangia nauli. Mimi ndiye niliyepitisha bahasha, na kila aliyetia noti alisema: maskini!

Huruma ile ilikuwa sehemu ya uovu wetu. Ilituwezesha kulala.

Kwenye pembe za mbuzi wa Hunt kuna utepe mwekundu wa sufu. Mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba utepe huo uligeuka mweupe dhambi ziliposamehewa. Kwenye mchoro bado ni mwekundu, na nadhani hapo Hunt alisema kweli kuliko alivyokusudia: utageukaje, na hakuna aliyefungua kinywa?

Basi nianze mimi. Nilichota mara mbili: shilingi 10,000, kisha 15,000. Sikurudisha. Yule mama alipotutazama mmoja mmoja, mimi nilitazama kikombe changu.