Kipa wa Pili Atasugua Benchi Hadi Lini?

Kocha akitaka kumjaribu kiungo chipukizi, humwingiza dakika ya 70 timu ikiwa inaongoza mabao mawili. Kijana akipoteza mpira, beki atamfichia aibu. Kipa hana bahati hiyo. Ni nadra kocha kumtoa kipa namba moja aliye mzima ili namba mbili naye aonje dakika 20. Ligi Kuu yetu ya Tanzania ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, na mtu mmoja anaweza kuzidaka zote. Wenzake wawili watamaliza msimu wakiwa wamepasha misuli tu.

Ndiyo maana swali la nani anafaa kuwa kipa wa kudumu ni gumu kuliko la mshambuliaji. Tunataka kumpima mtu ambaye hatujamwona akicheza. Na mara nyingi tunamwona kwa ajali, kwa sababu mwenzake ameumia.

Aprili 2023 ajali hiyo iliwapata Simba. Aishi Manula aliumia, Beno Kakolanya naye hakuwa tayari, na lango likabaki kwa Ally Salim, kijana aliyekuwa wa tatu kwenye foleni. Tarehe 16 alidaka dhidi ya Yanga, Simba wakashinda 2-0. Tarehe 22 alidaka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad Casablanca kwenye Uwanja wa Mkapa, Simba wakashinda 1-0. Siku sita baadaye, Morocco, Wydad walirudisha bao hilo na kupita kwa penalti 4-3. Agosti 13 mwaka huohuo, Mkwakwani mjini Tanga, Ngao ya Jamii iliamuliwa kwa penalti, na Ally akapangua tatu za Yanga. Nchi nzima ilimwimba.

Lakini msimu huo Simba walimleta kipa Ayoub Lakred kutoka Morocco, na msimu uliofuata Moussa Camara kutoka Guinea. Ally akarudi benchi.

Wengi walisema kijana ameonewa. Nawaelewa, lakini penalti tatu za Tanga hazikutosha kumpa mtu lango kwa miaka mitano. Penalti ni sehemu ndogo sana ya kazi ya kipa, na sisi mashabiki tunaipa uzito kuliko inavyostahili kwa sababu ndiyo tunayoikumbuka. Kilichonivutia mimi ni zile dakika za Aprili: kijana asiye na mechi miguuni anaingia kwenye wiki mbili nzito kuliko zote za msimu, na hababaiki. Hilo lilitosha kumpa haki ya kupimwa zaidi. Alichonyimwa ni kipimo chenyewe. Angecheza mechi 30 mfululizo mahali pengine, leo tungekuwa na jibu badala ya ubishi wa vijiweni.

Wamarekani wana tatizo hilihili katika mpira wao wa miguu, ule wa kurushwa kwa mkono. Nafasi ya kwaterobeki, anayeongoza kila shambulizi, ni ya mtu mmoja kama lango lilivyo. Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, akasubiri, na mwenzake Drew Bledsoe alipoumia Septemba 2001 aliingia na kuchukua ubingwa msimu huohuo. Hadithi yake inasimuliwa kila mahali. Ya Matt Flynn husikii. Huyu alikuwa namba mbili wa Green Bay; Januari 1, 2012 alipewa mechi moja akarusha pasi sita za alama, rekodi ya klabu. Seattle wakamsajili kwa mkataba mnono, na kabla msimu haujaanza akawa ameporwa nafasi na kijana mgeni, Russell Wilson, aliyewapa ubingwa msimu wa pili. Mechi moja ilimdanganya kila mtu.

Sasa tuangalie nini? Kwa kipa wa akiba, video za kupangua mashuti hazinishawishi. Ninataka kujua mpira ukiwa nusu ya uwanja ya wapinzani anasimama wapi. Je, anawapanga mabeki kabla ya hatari, au anawafokea baada ya bao? Krosi ikija anatoka kuifuata, au anaganda mstarini? Halafu lile ninaloliamini kuliko yote: akifungwa bao la kizembe, mpira unaofuata anaudaka vipi? Haya yanaonekana mazoezini, lakini kwa ukamilifu yanaonekana kwenye mechi za mashindano tu, penye viti vilivyojaa na pointi tatu mezani.

Wapo wanaotaka tiba ya haraka: tuzuie makipa wa kigeni, kama Misri ilivyofanya. Siungi mkono. Essam El Hadary, kipa mkubwa kuliko wote wa Misri, alikwishakuwa namba moja wa taifa kabla ya marufuku hiyo. Na Djigui Diarra, raia wa Mali, alikuwa langoni Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Kumwona mtu kama huyo kila wiki ni darasa kwa makipa wetu. Tatizo ni kwamba wanafunzi hawapewi mtihani.

Kipa Emiliano Martínez aliupewa: alichukuliwa na Arsenal mwaka 2010. Alisubiri miaka kumi, lakini hakuisubiri yote akiwa amekaa: alikopeshwa Oxford, Rotherham, Wolves, Getafe, Reading. Bernd Leno alipoumia Juni 2020, aliyeingia alikuwa amekwisha kuiva. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia na Argentina. Jirani yetu Denis Onyango wa Uganda naye, akiwa mali ya Mamelodi Sundowns, alikopeshwa Bidvest Wits. Mwaka 2016 Sundowns wakatwaa Ligi ya Mabingwa, naye akawa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani.

Hapo ndipo ninapoitazama Ruangwa, nyumbani kwa Namungo. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Msimu wao wa kwanza walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini dhidi ya Simba, Agosti 2, 2020 kule Sumbawanga, wakafungwa 2-1, na msimu uliofuata wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ni timu ya ushindani wa kweli, lango lake hupigwa sana, na haina mzigo wa kudaiwa ubingwa kila Mei. Kipa akidaka msimu mzima Uwanja wa Majaliwa, mechi 30, tutajua yeye ni nani. Beno mwenyewe, baada ya miaka ya kumsubiri Manula pale Simba, aliondoka na baadaye akaidakia Namungo. Lakini alikuja akiwa mkubwa tayari. Ningependa waje wakiwa na miaka 20 au 21, kwa mkopo wa msimu mzima, si wa miezi mitano.

Na wasitoke Dar es Salaam tu. Kwenye viwanja vya vumbi vya Mkotokuyana na vijiji vingine vya Nachingwea, kama kwingi nchini, anayewekwa golini ni mdogo kuliko wote au asiyejua kupiga chenga. Akipatikana mwenye kipaji, hana kocha wa makipa wala glavu, na msimu wa korosho ukianza mechi zenyewe zinapungua. Namungo wako wilaya ya jirani. Kocha wao wa makipa akitenga Jumamosi chache kwa mwaka kuzunguka Nachingwea na Ruangwa, atakutana na vijana ambao hakuna skauti wa Simba wala Yanga atakayewafikia.

Simba, Yanga na Azam, wapelekeni makipa wenu wa pili wakacheze, na mwandike kwenye mkataba idadi ya mechi wanazopaswa kupewa. Namungo, ombeni. Dirisha la usajili likifunguliwa, msiulize straika tu.