Uzito wa mtoto uliojificha kwenye simu

Wazazi wenzangu, dada yangu huandika kila kitu cha mwanawe kwenye Excel ya simu. Kila mwezi una mistari minne: uzito, urefu, chanjo na maelezo ya muuguzi. Shida ni kwamba uzito umetawanyika: mstari wa 2, wa 6, wa 10, na kuendelea.

Alitaka uzito peke yake kwenye karatasi ya pili. Akaandika =Kliniki!B2 na kuvuta chini, ikaja B3, yaani urefu!

Tulifanya hivi. Kwenye seli A1 ya karatasi mpya, andika:

=INDEX(Kliniki!B:B,ROW()*4-2)

Kisha vuta chini. Itakuletea B2, B6, B10, bila kukosea. Hiyo 4 ni idadi ya mistari ya kila mwezi. Kama wewe una mistari mitano, andika ROW()*5-3.

Angalia mambo mawili. Usiongeze mstari katikati ya mwezi, hesabu yote itahama. Na ukiona 0, ujue mwezi huo hukujaza uzito.

Tulipomaliza, namba zilijipanga: 8.1, 8.4, 8.4, 8.4. Tulitazamana. Miezi miwili mtoto hajaongezeka, na sisi tulimwona mchangamfu tu. Kesho yake asubuhi alikuwa kliniki.

Simu haichukui nafasi ya kadi. Lakini ukiona uzito umesimama au umeshuka, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke mtoto mapema.